Kukosa vifaa kusiwe kisingizio cha kuwafunga wanafunzi macho

Kila tunapokutana sisi walimu wa sayansi, iwe kwenye semina au kwenye chumba cha kusahihishia mitihani, wimbo wetu huwa ni mmoja: hatuna vifaa. Maabara ni moja kwa wanafunzi mia tatu, hadubini imepasuka kioo, na darubini wengi wetu hatujaiona ila katika picha. Malalamiko hayo ni ya kweli na mimi mwenyewe ni miongoni mwa waimbaji. Walakini leo ningependa kusimulia habari za ugunduzi mmoja wa mwaka 1999, kwa maana umenifanya nishuku kwamba tunachokikosa zaidi madarasani si vifaa.

Usiku wa tarehe 9 Septemba mwaka huo, na tena usiku wa tarehe 16, darubini moja ndogo mjini Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ilielekezwa kwenye nyota ambayo wanafalaki, yaani wataalamu wa mambo ya nyota, huiita HD 209458. Nyota hiyo imo katika kundi la Pegasi, yule farasi mwenye mabawa wa ngano za Wayunani, na mwanga wake husafiri kadiri ya miaka 160 kabla ya kutufikia. Lenzi ya darubini hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 10, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Aliyeiunda ni Timothy Brown, na aliyeshirikiana naye ni David Charbonneau, kijana wa Kikanada ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Walichokiona si sayari. Hakuna darubini ya wakati ule ambayo ingeweza kuiona. Walichokiona ni mwanga wa nyota ukipungua kwa kadiri ya asilimia 1.5, ukabaki hivyo kwa muda wa saa tatu hivi, kisha ukarudi kama ulivyokuwa. Kitu fulani chenye giza kilikuwa kimepita mbele ya nyota. Kwa njia nyingine, ile ya kupima jinsi nyota inavyovutwa huku na huku na kitu kinachoizunguka, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba hapo pana sayari inayokamilisha mzunguko wake kwa siku tatu na nusu. Msomaji na ahesabu mwenyewe: kutoka tarehe 9 hadi 16 ni siku saba, yaani mizunguko miwili kamili.

Hawakuwa peke yao. Gregory Henry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee, chuo kilichoasisiwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, alikuwa na darubini zinazojiendesha zenyewe huko Arizona. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1999, moja ya darubini hizo, yenye upana wa sentimita 80, ilishuhudia mwanga wa nyota ile ile ukianza kushuka katika saa iliyokuwa imetabiriwa. Taarifa za makundi hayo mawili zilichapishwa katika jarida moja mnamo Januari 2000.

Sasa nawaomba walimu wa hisabati wanisikilize. Sayari ikipita mbele ya nyota hufunika sehemu ya uso wake. Ukubwa wa sehemu inayofunikwa ni uwiano wa duara dogo kwa duara kubwa, na maeneo ya maduara hufuata mraba wa vipenyo vyake. Tafuta basi kipeuo cha pili cha 0.015, nawe utapata takriban 0.12. Maana yake ni kwamba kipenyo cha sayari ni kama asilimia 12 ya kipenyo cha nyota. Nyota hiyo ni kubwa kidogo kuliko jua letu, ambalo kipenyo chake ni kilomita 1,390,000 hivi. Ukizidisha, unapata sayari yenye kipenyo cha karibu kilomita 200,000, ilhali Mshtarii, jitu la jamii ya jua letu, ina kama kilomita 140,000. Tena ule mvuto wa nyota ulikuwa umefichua uzito wake: ni kama sehemu saba kwa kumi tu za uzito wa Mshtarii. Kitu kikubwa zaidi, chepesi zaidi! Gawanya uzito kwa ujazo na utaona kwamba wastani wake ni mwepesi kuliko maji. Hiyo ni sayari ya gesi iliyofura kwa joto, inayoizunguka nyota yake kwa umbali wa kilomita milioni 7, ilhali Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko sayari zetu nyingine zote, iko umbali wa kilomita milioni 58.

Hesabu yote hiyo imo katika uwezo wa mwanafunzi wa shule ya upili. Nimewapa wanafunzi hesabu ngumu kuliko hiyo kuhusu matangi ya maji yasiyokuwepo popote duniani.

Jambo linalonikera ni kwamba ugunduzi huu ungeweza kufanywa mapema zaidi. Mwaka 1952 Otto Struve, mwanafalaki aliyezaliwa Kharkiv na kuhamia Marekani, alichapisha makala mafupi katika jarida la Uingereza liitwalo The Observatory. Aliuliza ni sababu gani inayoizuia sayari kubwa kukaa karibu kabisa na nyota yake, na kuizunguka kwa siku moja tu. Alionyesha kwamba sayari ya namna hiyo ingeivuta nyota kiasi cha kuweza kupimika kwa vyombo bora vya zama zake, japo kwa shida. Kisha akaongeza kwamba endapo sayari hiyo ingepita kati yetu na nyota, mwanga ungepungua kwa kadiri ya sehemu moja kwa hamsini. Kila kitu kilikuwa pale, kimeandikwa kwa lugha nyepesi. Pendekezo lake likakaa zaidi ya miaka arobaini pasipo mtu kulishughulikia kwa dhati.

Kwa nini? Ni kweli kwamba vipokea-mwanga vya kielektroniki vilikuja baadaye na kurahisisha kazi. Hata hivyo sababu kubwa ilikuwa mazoea. Wataalamu walikuwa na mfano mmoja tu wa jamii ya sayari, nao ni huu wetu. Humu sayari ndogo za mawe ziko karibu na jua, na majitu ya gesi yako mbali. Mshtarii hutumia karibu miaka 12 kukamilisha mzunguko mmoja. Mfano huo mmoja ukageuzwa kuwa kanuni ya ulimwengu mzima. Aliyetafuta sayari kubwa alijiandaa kungoja miaka mingi, wala hakudhani kwamba siku nne zingetosha.

Kosa hilo nililifanya pia mimi, na kwa wino mwekundu. Mapema mwaka 1995 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya mashambani. Niliwapa wanafunzi zoezi la kuchora jua na sayari zake. Mvulana mmoja, mtoto wa maswali mengi, alimaliza mchoro uliotakiwa, halafu pembeni akachora nyota nyingine, na kando ya nyota hiyo, karibu kabisa, akaweka sayari kubwa kuliko zote. Chini yake akaandika kwamba pengine kwingineko mambo ni tofauti. Nilipitisha mstari juu ya mchoro, nikaandika neno "Haiwezekani" na kumkata alama mbili. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na kitabu cha kiada.

Mnamo Oktoba mwaka huo huo Michel Mayor na Didier Queloz, wa Geneva nchini Uswisi, walitangaza kwamba nyota iitwayo 51 Pegasi ina sayari yenye uzito unaokaribia nusu ya ule wa Mshtarii au zaidi, nayo huizunguka kwa siku nne na kitu. Walitumia darubini iliyoko kusini mwa Ufaransa, na mwaka 2019 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Habari zenyewe nilizipata nikiwa nimechelewa sana, na yule mvulana alikuwa amekwisha kuondoka shuleni.

Si wote walioukubali ugunduzi huo kwa mara moja, na hilo ni jambo la kheri. Mwaka 1997 David Gray, mtaalamu wa Kanada, alidai kwamba hapakuwa na sayari yoyote. Kwamba nyota yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipwita. Mwaka uliofuata, baada ya kupata vipimo bora zaidi, aliandika katika jarida lile lile kwamba dai lake halikusimama. Ama kweli, ni walimu wangapi kati yetu ambao wamewahi kurudi darasani na kusema: wiki jana niliwafundisha makosa? Shaka zilizobakia ziliondolewa na kile kivuli cha mwaka 1999, kwa kuwa mpwito wa nyota hauwezi kukata mwanga kwa saa tatu, kwa wakati uliotabiriwa, na kila baada ya siku tatu na nusu.

Kuna kisa kingine kinachofaa kusimuliwa darasani. Baada ya ugunduzi wa Boulder wataalamu walirudi kupekua kumbukumbu za Hipparcos, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima nyota kati ya 1989 na 1993. Wakakuta kwamba chombo hicho kilikuwa kimeipima nyota hiyo ya HD 209458 mara nyingi, na mara tano kati ya hizo kiliipima wakati sayari ikiwa mbele yake. Upungufu wa mwanga ulikuwa umeandikwa na kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyeuliza. Kwa hivyo hata mwenye chombo cha gharama kubwa angani anaweza kupitwa na jambo lililo mezani pake, seuze sisi wenye hadubini iliyopasuka.

Tangu hapo kazi imepanuka kupita kiasi. Mwaka 2003 ilithibitishwa sayari ya kwanza iliyogunduliwa kwa njia ya kivuli tangu mwanzo, OGLE-TR-56b, kutokana na kazi ya kundi la Wapolandi lililotumia darubini nchini Chile. Chombo cha Kepler kilirushwa mwaka 2009, kikakodolea macho zaidi ya nyota 150,000 kwa pamoja. Leo sayari zilizothibitishwa nje ya jamii ya jua letu zimezidi 6,000, na nyingi zaidi zimepatikana kwa vivuli vyao. Mradi ninaoupenda mimi, hata hivyo, ni ule wa WASP, ambao mojawapo ya vituo vyake viwili iko Sutherland, Afrika Kusini. Macho ya kituo hicho yalikuwa lenzi nane za kamera, za aina ile ile wanayoitumia wapiga picha wa magazeti kwenye viwanja vya mpira. Kwa lenzi za namna hiyo mradi umegundua sayari kubwa zipatazo mia mbili.

Moja ya sayari hizo ni WASP-71b. Mwaka 2019 Shirikisho la Kimataifa la Wanafalaki liliialika kila nchi kuipa jina nyota moja na sayari yake, na hiyo ikawaangukia majirani zetu wa Tanzania. Wakaiita nyota Mpingo na sayari Tanzanite. Sisi Wakenya tulipewa nyota HD 83443, ambayo sayari yake iligunduliwa kwa njia ya mvuto. Nyota hiyo sasa inaitwa Kalausi, na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo ya upepo mkali wa kizunguzungu na vumbi. Nimewauliza wanafunzi wa shule kadhaa kama wanajua kwamba Kenya ina sayari yenye jina lake huko juu. Nilitazamwa kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Wapo watakaonishambulia kwa kusema kwamba mtoto anayesoma chini ya mti hana haja na sayari yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, isiyokalika wala kufikika. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini inakosea shabaha. Ninachotaka ajifunze ni namna Charbonneau na Brown walivyojiridhisha kwamba upungufu wa asilimia 1.5 haukutokana na ukungu, wala na chombo kibovu. Waliilinganisha nyota yao na nyota nyingine zilizoonekana katika eneo lile lile la anga, usiku ule ule. Zote zikififia pamoja, hilo ni wingu. Ikififia moja peke yake, hapo pana jambo. Hata hapo kazi haijaisha, kwa maana nyota mbili zinazozungukana nazo hufunikana, na zimewahadaa wengi. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hiyo ataitumia siku atakapopima mazao ya shamba lenye mbolea na lisilo na mbolea, au atakapoambiwa sokoni kwamba dawa fulani inaponya kila ugonjwa.

Mtaala wa umilisi unasema kwamba mwanafunzi atende, asikariri. Hayo ni maneno mazuri, lakini mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Ninawaomba basi watungaji wa mitihani walete, walau mwaka mmoja, jedwali la vipimo ishirini vya mwanga wa nyota, na saa kando ya kila kipimo. Katikati vipimo vishuke kidogo, kisha vipande. Mtahiniwa aulizwe anadhani ni nini kilichotokea, ni maelezo gani mengine yanawezekana, na angepima nini usiku wa pili ili kuyatenganisha. Alama zitolewe kwa sababu alizozieleza, si kwa jibu moja lililoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihisha. Karatasi ya jedwali hilo haina gharama kuliko karatasi ya swali la tangi la maji.

Ama yule mvulana wa mwaka 1995, ambaye sasa ni mtu mzima, ikiwa husoma gazeti hili, ningependa ajue kwamba zile alama mbili zilikuwa haki yake.