Ukuta wa Nyuma wa Mashua

Katika miaka ya 1950 mashua za nyuzi za kioo zilianza kuenea sana huko Marekani. Watu walizisifu wakisema: «Chombo hiki hakiozi.» Ni kweli, ganda lake halijui kuoza. Lakini ukuta wa nyuma, ule ubebao mota, kwa kawaida ulijengwa kwa mbao za tabaka zilizofungiwa katikati ya maganda mawili. Nazo mbao huoza.

Ubaya huanzia tunduni. Maji hupenya penye parafujo isiyozibwa vema, na mbao huoza kimya kimya, hali rangi ya nje ingali ikimetameta. Mwenye chombo atajuaje? Augonge ukuta kwa nyundo: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito ni dalili ya uozo. Kisha aitikise mota. Ukuta ukicheza pamoja nayo, asisafiri tena, maana mota ikibanduka safarini, chombo chaweza kuzama na watu wake.

Zamani dawa ilikuwa moja: kukata ganda na kutia mbao mpya. Siku hizi iko njia nyingine. Mafundi huondoa mota, hufungua ukingo wa juu, na kukomba mbao zote kwa msumeno wa mnyororo na patasi ndefu, hata maganda mawili yasimame matupu kama sanduku. Hukausha ndani, huziba kila tundu, na kuyabana maganda kwa nje yasitutumke. Ndipo humimina rezini iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo na dawa ya kugandisha. Uji huo hugeuka mgumu kama jiwe, wala hauna ubao wa kuoza.

Lakini kazi hii yataka uangalifu. Dawa ikizidi kipimo, joto huzidi na rezini hupasuka. Ikiruka machoni yaweza kupofusha. Basi fundi avae miwani, afanye kazi penye hewa nyingi. Tena rezini ni nzito kuliko mbao.

Zaidi ya yote, asiache ubao mbovu chini kwa uvivu. Rezini haishikamani na uozo. Hapo amefunika ugonjwa tu, naye abiria hataujua mpaka yu katikati ya maji.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo, hata ukuta ukiisha kuwa mpya, kila tundu la parafujo lizibwe siku ile ile litobolewapo.