TAHARIRI: Habari ya Ughaibuni Iulizwe Sanad Yake

MIONGONI mwa mambo yanayozishughulisha nyumba zetu nyingi, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Manzese, ni habari za safari za nje. Kijana anaambiwa kuna kazi ya ghalani Kanada. Binti anaambiwa kuwa Oman wanatafutwa wasichana wa kazi za nyumbani, na tiketi atalipa mwajiri. Jirani aliyekimbia vita Kongo au Burundi anaambiwa kuwa ipo orodha mpya ya watakaopelekwa Marekani, na anayetaka jina lake liingizwe atoe chochote. Habari zote hizi huja kwa njia ya simu ya mkononi, na aghalabu hatumjui aliyezianzisha.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wengine. Mama mmoja mjane alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na barua yenye nembo na muhuri. Ilisema kuwa mwanawe amekubaliwa kazi Kanada na kwamba imebaki ada ya mwisho tu. Alikwisha kulipa ada tatu kwa simu, na kwa ajili hiyo aliuza cherehani mbili alizokuwa akishonea mabaibui. Alitaka tumsomee Kiingereza kabla hajauza ya tatu. Tulipoisoma tuliona kuwa anuani ya barua pepe haikuwa ya serikali wala ya kampuni, bali ni ya bure ambayo mtu yeyote hujifungulia. Namba ya kupokelea fedha ilikuwa ya hapa hapa nchini, na jina lililosajiliwa halikufanana na lililotiwa saini. Tukamuuliza tangazo lile alilipata wapi. Akajibu kwa upole: "Mwalimu, si nililiona hapa hapa kwenye ubao wa msikiti?"

Na kweli lilikuwa limebandikwa hapo. Hakuna miongoni mwetu aliyeuliza limetoka wapi. Mtu aonapo tangazo sokoni huona karatasi, lakini alionapo msikitini huona dhamana. Kwa hiyo hasara ya mama yule tuna fungu letu ndani yake.

Hili si jambo geni katika historia ya Uislamu. Mwaka wa 5 wa utume, kikundi kidogo cha Maswahaba (r.a.) kilivuka bahari kwenda Uhabeshi kukimbia mateso ya Makuraishi. Baada ya miezi michache ziliwafikia habari kuwa watu wa Makka wamesilimu, na baadhi yao wakafunga safari ya kurudi. Walipoukaribia mji ndipo walipotambua kuwa habari ile haikuwa kweli. Wengine waliingia kwa kujificha, na wengine kwa himaya ya mkubwa fulani, kama Uthman bin Madh'un (r.a.) aliyeingia kwa himaya ya Walid bin Mughira. Hawa hawakuwa watu wapumbavu. Walikuwa miongoni mwa wabora wa umma huu. Lakini mtu aliye mbali na kwao, mwenye dhiki na shauku, huwa mwepesi wa kuiamini habari inayofanana na matamanio yake. Ndivyo alivyo mama wa Mbagala, na ndivyo alivyo mkimbizi wa Nyarugusu.

Baadaye Makuraishi walipotuma wajumbe kwa Najashi ili wakimbizi warudishwe, mfalme yule hakukubali kuhukumu kwa maneno ya upande mmoja. Aliwaita wakimbizi wenyewe, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib (r.a.), kisha ndipo akaamua. Uthibitisho wa habari ndio uliowaokoa.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujuraat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Maulamaa wa hadithi waliifanya amri hiyo kuwa elimu kamili: waliuliza ni nani aliyepokea, kutoka kwa nani, na je, walikutana? Waislamu tuliorithi elimu hiyo ndio tuliostahiki kuwa wa mwisho kudanganywa na ujumbe wa WhatsApp. Sisi tunaona kuwa maswali matatu yanatosha kwa kuanzia.

Swali la kwanza: ni nani msemaji? Katika intaneti, msemaji hutambulikana kwa anuani ya tovuti yake, na anuani hiyo huangaliwa mwisho wake. Tovuti za Serikali ya Tanzania, ikiwemo Idara ya Uhamiaji, humalizikia kwa go.tz. Za Oman humalizikia kwa gov.om, za Uingereza kwa gov.uk, na za Serikali Kuu ya Marekani kwa gov. Serikali ya Kanada hutumia canada.ca. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lipo unhcr.org, na lile la Uhamiaji lipo iom.int. Walaghai hupenda kuliweka neno la serikali katikati ya anuani, kisha wakaimalizia kwa neno lao. Nembo na muhuri havithibitishi kitu, kwani kijana yeyote mwenye kompyuta huvinakili kwa dakika chache.

Swali la pili: imesemwa lini? Habari yaweza kuwa kweli siku ilipotolewa, ikageuka uongo kwa kupitwa na wakati. Mathalani, mwezi wa Januari 2020 Marekani ilitangaza kuwazuia Watanzania wasipate viza za bahati nasibu, na Januari 2021 amri hiyo ikafutwa. Aliyesambaza tangazo la kwanza baada ya hapo alisambaza maneno ya kweli yasiyokuwa kweli tena. Tangu hapo kanuni za nchi hiyo zimebadilika tena, kwa hiyo anayetaka kujua aisome tovuti yenyewe siku anayoitaka habari. Hali kadhalika idadi ya wakimbizi wa Burundi nchini mwetu. Mwaka 2017 ilizidi 200,000, kisha ikapungua baada ya zoezi la kuwarejesha lililoanza Septemba mwaka huo. Takwimu isiyo na tarehe ni kama hadithi isiyo na mpokezi.

Swali la tatu: msemaji anataka nini? Huduma za UNHCR kwa wakimbizi hutolewa bure. Hakuna orodha inayonunuliwa, na anayeiuza ni mwizi hata akivaa kitambulisho. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo haimwandikii mtu barua pepe kumwambia kuwa ameshinda bahati nasibu. Mwombaji hujiangalilia mwenyewe katika tovuti yake. Basi kila panapotajwa ada ya haraka, siri na siku ya mwisho kuwa kesho, hapo pana mtego.

Wapo watakaosema kuwa tunawatisha vijana wenye shida. La hasha. Uhusiano wa pwani yetu na Oman ni wa karne nyingi, na wapo waliokwenda huko wakarudi na heshima yao na mali ya halali. Lakini katika ripoti yake ya Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, wakanyang'anywa hati za kusafiria, wakafanyishwa kazi kwa saa nyingi na kukatwa mishahara. Huko Asia nako, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria Agosti 2023 kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Wengi wao waliitwa kwa matangazo ya kazi nzuri.

Kwa hiyo binti anayesafiri awe na mkataba alioufahamu, na wakala wake awe na leseni. Sheria Na. 9 ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia huduma za ajira nchini, na mahali pa kuuliza ni ofisi ya Serikali inayoshughulikia huduma hizo. Aidha, aache nyumbani nakala ya hati ya kusafiria, jina na anuani ya mwajiri, na namba ya Ubalozi wetu wa Maskati.

Tuseme pia juu ya ndimi zetu kuhusu wakimbizi. Husambazwa maneno kuwa kila mgeni ni mhalifu, au kuwa mkimbizi na mhamiaji ni kitu kimoja. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia mateso au vita, na mikataba ya 1951 na 1969 inakataza kumrudisha kwenye hatari. Mhamiaji wa kazi huongozwa na sheria za uhamiaji. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitoka awe na kibali. Anayemdanganya kuwa karatasi ya kununua mjini inatosha humsukuma gerezani. Na tusisahau kuwa Januari 2001 ndugu zetu zaidi ya 2,000 walitoka Zanzibar, wengi wao Pemba, wakakimbilia Shimoni, Kenya. Siku zile sisi ndio tuliokuwa tunahitaji kusemewa ukweli.

Ushauri wetu kwa misikiti yote ni huu. Tangazo lolote la kazi au safari lisibandikwe wala kusomwa mpaka maswali matatu yamejibiwa kwa maandishi, na aliyeyajibu aweke jina lake. Kila msikiti uwateue vijana wawili waaminifu, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wanaojua Kiingereza au Kiarabu na matumizi ya intaneti, wawasomee watu barua zao bila ya malipo na kwa kutunza siri zao. Msikitini kwetu kazi hiyo imekwisha anza, kila Jumamosi baada ya swala ya Isha.

Ama mama yule, akina mama wa msikiti wamechanga wakamrejeshea cherehani moja. Ya pili ni deni letu sisi tulioulinda mlango wa msikiti tukausahau ubao wake, na tutalilipa inshaallah.

Wabillahi tawfiq.