Bega Lililobeba Mali

Vijana wengi majumbani mwetu wanawajua waigizaji wa sinema kuliko wanavyowajua waliowajengea hospitali. Mwezi huu tumeona vyema kuwataja wa pande zote mbili, kwani njia moja inawaunganisha, nayo ni njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora.

Mwaka 1939 ilitolewa Marekani sinema ya safari ya Stanley ya kumtafuta Livingstone, na aliyemwigiza Stanley ni Spencer Tracy. Mwigizaji huyu alijaaliwa mwana, John, aliyezaliwa kiziwi mwaka 1924. Mkewe Louise, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, hakukaa kulia. Mwaka 1942 alianzisha mjini Los Angeles kituo cha kuwasaidia watoto viziwi na wazazi wao bila malipo, na Tracy akatoa katika fedha za sinema kukisimamisha. Taabu ya nyumba moja ikawa faraja ya nyumba nyingi.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Stanley wa kweli aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Unyanyembe, penye Tabora, tarehe 23 Juni. Hapakuwa na reli. Ya Tabora ilifika mwaka 1912. Kila kitu kilipanda juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili.

Miongoni mwa waliomtafutia Stanley wapagazi ni kijana Mwismailia wa asili ya Kihindi, Sewa Haji Paroo, mwenye umri wa miaka kama ishirini. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia kuwa mjanja wa hesabu. Hatutamtetea, wala hatutasahau kuwa njia ile ilipitisha pembe za ndovu na pia watu waliofungwa minyororo. Sewa Haji alitajirika kwa biashara ya misafara, na jasho lililomtajirisha halikuwa lake peke yake.

Lakini tazameni mali ile ilikorudi. Alitoa jengo la skuli Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi, na hayo katika zama za utawala wa Wadachi! Aligharimia hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Alipofariki Unguja mwaka 1897, naye ana miaka 46 tu, aliacha wasia uliowakumbuka wagonjwa na wenye ukoma. Jina lake limebaki Muhimbili, katika jengo la wodi liitwalo Sewahaji.

Je, sadaka hufuta dhuluma? La, mwenye haki hupewa haki yake kwanza, na hesabu ya Sewa Haji iko kwa Mola wake. Sisi tunashika funzo moja: mwenye kupata na aangalie ni bega la nani lililombebea, kisha aanze kutoa hapo. Mwenye duka ana mchukuzi wake, mwenye shamba ana kibarua wake, na kila nyumba ina anayeteka maji na kupika.

Enyi vijana, sifa za sinema hukoma taa zinapowashwa. Kisima, skuli na kitanda cha mgonjwa huendelea kumwombea mwenyewe akiwa kaburini. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa wangali hai. Amin.