Barabara Moja, Majina Matatu

Mgeni wangu alikuwa maalimu kutoka Tanga, mtu wa tenzi tangu ujana wake. Asubuhi ya pili ya ziara yake Nairobi tulipanda gari pale Kangemi tukielekea upande wa uwanja wa ndege. Dereva alikuwa amewasha ramani kwenye simu, na sauti ya mashine ikawa inatuongoza kwa Kiingereza: endelea na Waiyaki Way. Baada ya muda ikasema: endelea na Uhuru Highway. Kisha: endelea na Mombasa Road. Maalimu akanigeukia.

"Mwanangu, hapa katikati tumekata kona mara ngapi?"

"Hata mara moja, Maalimu."

Akanyamaza kidogo. "Sasa kama sisi hatukukata kona, nani amelikata jina?"

Swali lile limenikaa moyoni, kwa kuwa aghalabu tunalijibu kwa kejeli. Husemwa kwamba majina yanayobadilika njiani ni uzembe wa wakubwa wa mji, kwamba yanawapoteza wageni na kuyachelewesha magari ya wagonjwa, na kwamba barabara moja ingefaa kuwa na jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi sikubaliani na rai hiyo. Barabara iliyonyooka yenye majina mengi ni miongoni mwa maandishi machache ya historia yetu ambayo hata asiyefungua kitabu huyasoma kila siku. Kasoro ipo, lakini haiko katika wingi wa majina. Iko katika lugha tuliyoyaandikia.

Tuitazame kwanza barabara yenyewe. Ukitoka upande wa Kikuyu, ukapita Uthiru na Kangemi hadi Westlands, uko Waiyaki Way. Kati ya Westlands na Museum Hill wapo wanaoitaja Chiromo. Ukishapita Museum Hill uko Uhuru Highway: unakipita Chuo Kikuu cha Nairobi, unaipita Bustani ya Uhuru, unaliambaa jiji pembezoni. Ukifika Uwanja wa Nyayo jina limegeuka tena, sasa ni Mombasa Road, nayo itakuchukua hadi pwani, safari ya kilomita zinazokaribia 480. Mizunguko ya magari ipo njiani, lakini kila mmoja unaupita na kuendelea mbele ulikokuwa ukienda. Lami ni ile ile na uelekeo ni ule ule.

Kila jina kati ya hayo lina hadithi yake. Kipande cha kati, kabla ya Kenya kujitawala, kilibeba jina la Princess Elizabeth, yule binti mfalme aliyerithi ufalme wa Uingereza mwezi Februari 1952 akiwa ziarani Kenya. Uhuru ulipopatikana, jina lake likaondolewa na neno uhuru lenyewe likawekwa mahali pake. Waliofanya hivyo hawakuhitaji kuandika insha. Kibao kimoja kilitosha.

Lakini hadithi inayonigusa zaidi ni ya kipande cha kwanza. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti. Mwaka 1890 alipatana na Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Mapatano hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa katika Ngome ya Smith, huko Kabete, akasafirishwa kuelekea pwani akiwa mfungwa. Pwani hakuiona. Alifia Kibwezi, na huko ndiko alikozikwa.

Sasa chukua ramani uitafute Kibwezi. Utaikuta upande wa Mombasa Road, takriban kilomita 200 kutoka Nairobi. Maana yake ni kwamba barabara inayobeba jina la Waiyaki, karibu na nyumbani kwake, ndiyo hiyo hiyo inayokwenda, bila ya kukata kona, hadi sehemu alikokata roho. Na kati ya nyumbani kwake na kaburi lake limeandikwa neno Uhuru. Haijalishi kama walioyapanga majina hayo waliliwaza hilo au la. Njia imekwisha kusema: yule aliyechukuliwa, kile kilichopiganiwa, na kule alikopelekwa. Mwenye kutaka jina moja kwa barabara nzima anatutaka tufute mawili kati ya maneno hayo matatu. Afute lipi?

Hapa ndipo linapokuja suala la lugha. Kwa nini msikilizaji wa ile sauti ya simu hadhani kwamba yuko katika barabara moja? Kwa sababu Kiingereza kimezigawa mara mbili. Jina la mbele linabadilika, na neno la nyuma nalo linabadilika: Way, kisha Highway, kisha Road. Hakuna kilichobaki cha kumshika msafiri mkono. Zisemwe kwa Kiswahili uone: Barabara ya Waiyaki, Barabara ya Uhuru, Barabara ya Mombasa. Neno la kwanza limesimama imara, linalobadilika ni mwenye nalo tu. Lugha yetu, kwa kuanza na kitu chenyewe na kumalizia na mwenyewe, inaihifadhi ile barabara hata jina linapogeuka. Kiingereza kinatangulia na mwenyewe, na mwenyewe akibadilika, kitu chote kinaonekana kimebadilika.

Kwa washairi hili si geni. Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na kina hicho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Kipande cha nne ndicho chenye kina kisichobadilika, tunachokiita bahari, kinachoanza katika ubeti wa kwanza na kufika katika ubeti wa mwisho hata kama beti ni elfu. Hakuna msomaji wa tenzi aliyewahi kulalamika kwamba vina vya ndani vimebadilika akapotea njia. Anajua yuko katika utenzi ule ule, kwa kuwa bahari inamwambia. Neno barabara ndilo bahari ya safari ile. Waiyaki, Uhuru na Mombasa ni vina vya ndani. Tulipoiandika njia kwa Kiingereza tuliitoa bahari yake, kisha tukashangaa kwamba beti hazishikani.

Maalimu, ambaye Dar es Salaam anaijua vizuri, alinipa mfano wa kwao. Barabara ya Mandela hupita Tazara, Buguruni na Tabata hadi Ubungo. Pale Ubungo, inapokutana na Barabara ya Morogoro, anayenyoosha mbele bila kukata kona hujikuta katika Barabara ya Sam Nujoma, kuelekea Mwenge. Ubungo ile imekuwa mahali ambapo mpigania uhuru wa Afrika Kusini anampokeza msafiri mwenzake wa Namibia. Na hilo linastahili Dar es Salaam, kwani Mandela alipita Tanganyika mwaka 1962 akitafuta msaada wa mapambano, na chama cha Nujoma kilikuwa na makao yake katika jiji lile miaka ya uhamishoni. Kuiita njia nzima kwa jina la mmoja wao kungerahisisha ramani na kumnyima mwenziwe haki yake. Hata hivyo, Maalimu akaongeza kwa masikitiko, hata huko ambako Kiswahili ndicho kinachoongozwa nacho soko na bunge, wengi wetu husema "Mandela Road" na "Sam Nujoma Road", na barabara ikapotea kinywani mwa wenye lugha.

Lipo jambo jingine ambalo wanaotaka jina moja hulisahau. Majina ya njia zetu ni ya namna mbili. Kuna jina la uelekeo, linalotaja mahali njia inakokwenda: Mombasa, Morogoro, Bagamoyo, Thika. Na kuna jina la kumbukumbu, linalomtaja mtu au tukio. Jina la uelekeo ni la zamani zaidi katika desturi ya wasafiri, na kwa asili yake haliwezi kuwa moja. Barabara ya Mombasa ni ya Mombasa kwa aliye Nairobi tu. Kwa aliye Mombasa, njia hiyo hiyo ni ya Nairobi. Jina hilo humtazama msafiri, likamwuliza uko wapi na unakwenda wapi, ndipo likajitaja. Jina la kumbukumbu lina tabia nyingine: humtaka msafiri atazame nyuma.

Njia njema inahitaji yote mawili. Ndiyo maana huniingia wasiwasi jina la kumbukumbu linapolimeza la uelekeo. Ile iliyokuwa Barabara ya Pugu jijini Dar es Salaam leo ni Barabara ya Nyerere, na hapana anayebisha kwamba Mwalimu anastahili. Lakini katika heshima ile tumelipoteza neno lililokuwa likimwambia mgeni kwamba akinyoosha tu, atafika Pugu. Tazama kwa upande mwingine Barabara ya Ali Hassan Mwinyi: inatoka mjini na jina la rais, halafu mbele, bila kona, inajitaja kuwa ya Bagamoyo. Kumbukumbu imepewa kipande chake, uelekeo umepewa kipande chake, na hakuna aliyemdhulumu mwenziwe.

Watakaonipinga watasema: wewe unatunga mashairi, ilhali dereva wa gari la wagonjwa anatafuta mlango. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini kwa kazi hiyo serikali zina namba. Katika mfumo wa sasa wa Kenya, njia yote hii kutoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Malaba ina namba moja, A8. Namba haimkumbuki mtu na wala haina mashairi, ila ni moja toka mwanzo hadi mwisho, na mwenye haraka aitumie. Tena mwaka 2022 ilifunguliwa juu ya vichwa vyetu ile barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hiyo ina jina moja tu, Nairobi Expressway, na kampuni inayoiendesha inajiita Moja. Anayepita juu hupita Mombasa, Uhuru na Waiyaki bila kumsalimu yeyote. Anafika upesi, namkubalia. Hata hivyo wapitao chini ndio watakaokuwa na la kusimulia.

Basi nini kifanyike? Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka ya vibao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pale jina linapogeuka, Museum Hill na Uwanja wa Nyayo, uwekwe ubao wa Kiswahili chepesi: hapa Barabara ya Waiyaki inaishia, hapa Barabara ya Uhuru inaanza, endelea mbele. Maneno hayo yatamwondolea mgeni hofu kuliko mabadiliko yoyote ya majina. La pili ni kwetu sisi wa kalamu. Tuseme "barabara ya" katika mazungumzo, katika mashairi, na tunapomwelekeza mgeni. Hatuwezi kuidai lugha kwenye vibao ilhali tumeitoa vinywani.

Maalimu alipokuwa akiagana nami alinitaka nitunge beti za njia ile, bahari yake iwe barabara. Nilimwambia kwamba neno moja kurudiwa mwishoni mwa kila ubeti ni udhaifu. Akacheka, akasema, "Neno hilo lina maana zaidi ya moja, mwanangu. Barabara ni njia, na barabara ni sawasawa. Litafute." Nimejaribu hivi, naye mjuzi anirekebishe:

Naanza kwa Waiyaki
Alotwaliwa kwa chuki
Jinale halifutiki
Limeshika barabara.

Kisha yaja ya Uhuru
Bila kona, nashukuru
Ni ile ile, si duru
Moja tu ni barabara.

Mwishowe kuna Mombasa
Kibwezi nikiigusa
Wa mwanzo sikumtosa
Tu pamoja barabara.

Nimempelekea beti hizi Tanga. Jibu lake lilikuwa fupi: mizani imetimia, ila utenzi haujakwisha, kwa kuwa njia ikishaingia Mombasa na kuvuka Makupa huchukua jina jingine tena, la Jomo Kenyatta. Amenidai ubeti wa nne. Nami nawaomba wasomaji wenzangu, kila mmoja kwa njia ya kwao isiyokata kona, mnisaidie kulilipa deni hilo.