Kama Jumanne tu vitanda vimejaa, siku ya balaa itakuwaje?

Wadau, mwaka jana nilikesha kwenye benchi la hospitali moja ya mjini kwetu (jina naliweka kapuni). Mama mdogo alishaandikiwa kulazwa tangu saa mbili usiku, ila wodini hakuna nafasi, basi akabaki koridoni juu ya machela mpaka kunakucha. Nesi mmoja, wagonjwa kibao. Mimi nimeishia kidato cha nne, udaktari siujui, lakini kuhesabu najua. Nikahesabu machela kumi na moja. Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, hakuna ajali wala mlipuko. Nikajiuliza, sasa hivi basi likipinduka huko barabarani, majeruhi watawekwa wapi?

Kumbe kuna jamaa aliyelishughulikia swali hilo miaka na miaka. Anaitwa Arthur Kellermann, daktari wa tiba ya dharura wa Marekani. Daktari huyu hakuishia kushona vidonda. Kila alichokiona pale mlangoni alikirudia na kalamu kuuliza kimetoka wapi.

Alianza na bunduki. Mnamkumbuka Marvin Gaye, mwanamuziki? Tarehe 1 Aprili 1984 alipigwa risasi na baba yake mzazi, kwa bastola ambayo Marvin mwenyewe ndiye aliyempa mzee. Kellermann amewahi kusema kifo kile ndicho kilichomfanya aulize: bunduki ya nyumbani inamlinda nani hasa? Mwaka 1986 yeye na mwenzake wakatoa hesabu za eneo la Seattle. Kwa kila kifo kimoja kilichotokana na mtu kujihami kwa bunduki ya nyumbani, kulikuwa na vifo 43 vya kujiua, kuuana au bahati mbaya, vingi vikiwa vya kujiua. Mwaka 1993 akaja na utafiti mwingine, kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara tatu. Wapo waliompinga njia yake ya kuhesabu, na hiyo ni haki yao. Ila waheshimiwa wa Bunge hawakujibu kwa hesabu. Mwaka 1996 waliipunguzia CDC, kituo cha serikali kilichogharamia utafiti ule, dola milioni 2.6, pesa ileile iliyokuwa imetumika kwenye utafiti wa bunduki. Mfuko ukakauka zaidi ya miaka 20, hadi mwisho wa 2019 Bunge lilipotenga tena dola milioni 25.

Mwingine angerudi kwenye sindano zake akanyamaza. Huyu akageukia koridoni.

Alikuwa mjumbe wa kamati ya wataalamu iliyotoa ripoti kubwa mwaka 2006 kuhusu hali ya emajensi Marekani. Nilidhani kwa wenzetu mambo safi, kumbe wapi! Kati ya 1993 na 2003 watu waliofika idara za dharura waliongezeka kwa asilimia 26, huku idara 425 zikifungwa. Mwaka 2003 magari ya wagonjwa yaligeuzwa njiani kama mara nusu milioni kwa kuwa hospitali zimejaa, yaani karibu gari moja kila dakika. Na sababu si wenye mafua kujazana mapokezi, kama wengi tunavyodhani. Ni kwamba aliyeshapokelewa hana kitanda cha kupanda wodini, kwani vitanda vimewekewa wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa, ambao wanaiingizia hospitali hela nzuri. Mojawapo ya dawa walizopendekeza haihitaji hata jengo jipya: pasua wagonjwa hao kwa kuwatawanya wiki nzima, usiwarundike siku zilezile.

Hapo ndipo hoja ya maafa inapoingia. Baada ya Septemba 2001 Marekani ilimwaga fedha za kujiandaa, lakini huduma za magari ya wagonjwa ziliambulia asilimia 4 tu ya fungu moja kubwa la 2002 na 2003. Kellermann na wenzake wakasema wazi: hospitali isiyo na nafasi leo usiku haiwezi kuipata ghafla siku bomu likilipuka. Huku kwetu nako tunapenda mazoezi ya ving'ora na mgeni rasmi!

Nasi balaa tunalijua. Agosti 7, 1998 mabomu yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, miaka 12 baadaye. Agosti 2019 lori la mafuta lilipowaka Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa, na majeruhi wengi wakakimbizwa Muhimbili. Angalau safari hii mlango wa kuwapokea ulikuwepo. Lakini mgonjwa wa moto anakaa kitandani wiki nyingi, na kitanda hicho kinatoka wapi kama wodi ilishajaa tangu juzi?

Mama mdogo alipata kitanda saa nne asubuhi. Kabla ya kuondoka nilimuuliza yule nesi, hizi machela za koridoni mnaziandika popote? Akacheka kwa uchovu.

"Mdogo wangu, kwenye daftari tunaandika waliolala vitandani."