Mkato na Nukta ni Sehemu ya Kipimo



Leo nataka tuzungumzie Kiingereza tunachoandika kwenye kadi za harusi, oda na matangazo ya biashara zetu. Suala la nani anajua Kiingereza kingi na nani kidogo tuliweke kando. Nazungumzia vile vitu vidogo: mkato, nukta, ritifaa, kistari na alama za kunukuu. Wengi wetu ama tunavinyunyiza kama chumvi, ama tunaviacha kabisa. Kwa maoni yangu, ukishaamua kuuza, kununua au kualika watu kwa Kiingereza, alama hizi ni sehemu ya kipimo chako, na kipimo ni amana.

Tuanze na vitambaa, maana harusi zetu ni vitambaa. Unaagiza sare za kina mama kutoka Dubai, unamwandikia muuzaji "twenty five-metre pieces". Hapo umeomba vipande 20 vya mita 5, jumla mita 100. Kistari kikisogea, ikawa "twenty-five metre pieces", ataelewa vipande 25 vya mita moja moja. Maneno ni yale yale, lakini mita 75 zimepotea, na kipande cha mita moja hakimtoshi mama gauni na mtandio wake. Hapa mimi nashauri tarakimu: "20 pieces, 5 metres each". Hakuna wa kubishana nayo.

Rangi nazo hivyo hivyo. Bi harusi anataka nyeupe, dhahabu na kijani, anaandika "white gold and green". Anayesoma anaona rangi mbili: kijani, na ile dhahabu nyeupe ya pete. Mkato mmoja baada ya "white" unazirudisha rangi zote tatu.

Ritifaa tunayo hata sisi. Bila hiyo, kung'oa si kung'oa tena, na Ng'ambo yetu haisomeki. Basi kwenye kadi ya Kiingereza, "the bride's mother" ni mama wa bi harusi mmoja. Ukiipeleka nyuma ya s, "the brides' mother", umetangaza mama anayeoza mabinti wawili kwa pamoja. Ikiwa ni dada wawili kweli, vizuri. Ikiwa sivyo, wageni watauliza wa pili ni nani. Na ukitaja wingi tu, kama magauni ya kukodisha, ritifaa haina kazi: ni "gowns", si "gown's".

Linalonikera zaidi ni alama za kunukuu. Wengi tunadhani zinatia neno nguvu. Kwa msomaji wa Kiingereza, neno lililofungwa ndani ya alama hizo, bila kuwa nukuu ya mtu, mara nyingi lina maana ya "eti". Sasa mtu anauza chakula, anaandika Halal kisha analifunga. Mgeni Mwislamu kutoka Uingereza akisoma bango lile anapata wasiwasi: ni halali, au eti halali? Mama wa watu kachinja kwa bismillahi na jiko lake safi, lakini bango lake mwenyewe linamtilia shaka. Vivyo hivyo kwa udi ulioandikwa Original ndani ya alama hizo. Neno la kweli liache wazi. Ukitaka likae mbele, liandike kwa herufi kubwa.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya walimu. Waangalie yaliyotokea Marekani, jimbo la Maine. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipwa ziada, na mwishoni mwake palikosekana mkato mmoja. Ikawa haijulikani kama kusambaza bidhaa ni kazi inayojitegemea, au orodha inataja tu kufungasha bidhaa za kusambazwa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwapa madereva haki ya kuendelea na madai yao, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa.

Na sisi, dada zangu, jambo hili si geni kwetu. Chuoni tulifundishwa alama za waqfu kabla hatujajua hata maana ya tunachosoma: mim ndogo, lazima usimame, lam alif, usisimame, jim, una ruhusa. Katika Suratul Maun, mwalimu hakukubali uikatishe kisomo kwenye aya ya nne ukafunga msahafu, kwa sababu anayeishia pale anawaacha wanaosali wote chini ya onyo, na aya inayofuata ndiyo inayobainisha ni wasali gani. Tumelelewa tukijua kuwa pa kusimama panabadilisha maana. Tena aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamuru tuandike madeni na mwandishi aandike kwa uadilifu. Maandishi yenye maana mbili yanafungua mlango wa ugomvi, na ugomvi ndio aya ile inatukinga nao.

Simcheki mwenye Kiingereza kidogo, wala asichekwe. Kama lugha hiyo inakusumbua, andika Kiswahili, kadi itapendeza vile vile na shangazi zako wataisoma. Lakini ukichagua Kiingereza, fanya haya matatu. Andika sentensi fupi na uifunge kwa nukta. Vipimo, bei na tarehe viandike kwa tarakimu, kila kimoja mstari wake. Na kabla ya kumlipa mchapaji, mpe mtu mwingine asome kwa sauti, akuambie alivyoelewa. Akielewa tofauti na ulivyokusudia, rekebisha hapo hapo, kabla kadi 300 hazijatoka.

Mabibi harusi, tunajaribisha gauni mara tatu kabla ya siku yenyewe. Kadi na oda nazo tuzijaribishe japo mara moja.

Wabillahi tawfiq.