TAMKO LA TAWI: WANAFUNZI WA MAZINGIRA WAPELEKWE KATUMA



Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanakuja tena, wakiwemo wa hapa hapa mkoani, SUA Kampasi ya Mizengo Pinda kule Mpimbwe. Wapo wanaomaliza wiki zote wakitoa fotokopi na kufuata chai, kisha daftari linagongwa muhuri. Tawi linasema huo ni upotevu.

Mto Katuma uko pale. Kiangazi, maji yakichepushwa kwenda mashamba ya mpunga, viboko wanabanana kwenye tope hifadhini. Katavi ni Hifadhi ya Taifa tangu 1974, lakini mto unaoinywesha unaanzia nje ya mipaka yake. Askari wa wanyamapori hawezi kulimaliza hilo. Ni kazi ya vijiji, halmashauri na jumuiya za watumia maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Mwanafunzi akae na mtendaji, asome mihtasari ya kamati (kama ipo!), ahesabu mifereji, kisha ripoti yake ifike kwenye baraza la madiwani. Hapo ataona serikali inavyofanya kazi, na inapokwama.

Madiwani wetu walibebe hili, na nauli ya vijijini iingie kwenye bajeti. Bodaboda ya kila siku isiwe mzigo wa mzazi. Mwanachama mwenye chumba jirani na mto, amjulishe katibu mapema.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, Mpanda